Siku ya onyesho watu wanafurika, mazoezini hawaonekani: kikundi cha sanaa cha mtaa kifanye nini?

Kiongozi_Mpya

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa watu wanaoendesha vikundi vya sanaa vya mitaani au vituo vidogo vya utamaduni.

Hali ni hii. Kikundi kina wanachama 14, chumba cha mita 6 kwa 9 kinachopatikana jioni mbili kwa wiki, spika moja, ngoma tatu, na ukuta wa nje wa mita 12 kwa 3 ambao mwenye nyumba amekubali kwa mdomo tuuchore. Mara mbili kwa mwaka tuna onyesho, na siku hiyo watu wanajaa mpaka nje. Wiki inayofuata wanabaki walewale 14, na siku nyingine hata sita. Lengo siyo burudani peke yake. Tunataka majirani wafahamiane, wazee na vijana wafanye kitu pamoja, na waliohamia karibuni wapate pa kuanzia.

Naomba kujua: tuanze na kipi kati ya kwaya, igizo na mchoro wa ukutani? Mgeni akija tumpokeeje ili arudi? Na mambo ya fedha na maamuzi yaendeshwe vipi ili yasije yakatuvunja? Naomba maelezo ya utendaji, ya kufuata hatua kwa hatua.

Zumari

Mkuu, idadi ya watu wa siku ya onyesho haipimi kile unachokitafuta. Mtazamaji amekuja kuwaangalia ninyi. Hajafanya kitu na jirani aliyeketi naye, na akiondoka hakuna kazi yake iliyobaki chumbani inayomsubiri. Mtu hurudi pale anapojua kwamba asipokuja pengo lake litaonekana. Kwa hiyo kazi kubwa ya kiongozi iko kwenye zile wiki zisizo na onyesho.

Kwanza fupisheni mzunguko. Maonyesho mawili kwa mwaka yako mbali mno kwa mtu aliyeingia leo. Fanyeni mzunguko wa wiki 12: wiki 10 za mazoezi, wiki ya 11 onyesho dogo la nusu saa humo humo chumbani, wiki ya 12 kikao cha kutathmini na kugawana kazi za mzunguko unaofuata. Siku na saa zisibadilike hata mkibaki watano. Kikundi kinachohamisha siku mara tatu kinawazoesha watu kutokiamini.

Pili, mpangilio wa jioni yenyewe. Dakika 90 zinatosha, na zigawanywe hivi. Dakika 15 za mwanzo ni za kupokea watu: mlangoni asimame mtu mmoja wa kudumu, na asiwe kiongozi, kwa sababu kiongozi atavutwa huku na kule. Anaandika jina la kila mtu kwenye kipande cha selotepu ya karatasi na kukibandika kifuani, wanachama wa zamani wakiwemo, maana mgeni hawezi kukariri majina 14 jioni moja. Dakika 15 za kupasha mwili na sauti moto. Dakika 35 za kazi kuu. Dakika 10 za mapumziko. Dakika 15 za mwisho ni za kurudia kitu kimoja mpaka kikamilike, hata kama ni ubeti mmoja tu, ili kila mtu aondoke na kitu alichokimaliza. Kisha funga kwa wakati.

Yale mapumziko viongozi wengi huyakata wakiona muda unakimbia. Msiyakate. Ndipo majirani wanapoongea, na ndicho ulichosema unakitafuta.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye sanaa mpe jembe siku ileile ya kwanza, tena ndani ya dakika 10. Kazi iwe ndogo lakini ya kweli: kushika mapigo kwenye ngoma ya tatu, kugawa karatasi za maneno, kuhesabu hatua za wachezaji kwa sauti. Usimwambie "keti utazame kwanza". Akishazoea kiti cha pembeni, kumwinua itachukua wiki nyingi.

Kuhusu kwaya, kosa linalowafukuza watu wengi bila wao kusema ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaanzishwa. Anayeongoza huanzisha wimbo pale sauti yake inapong'aa, na mara nyingi yeye ndiye mwenye sauti ya juu kuliko wote. Nusu ya chumba wanakaza shingo, wanaona aibu, wanajiambia hawajui kuimba. Chagua nyimbo za kiongozi na kiitikio zisizozidi upana wa oktavu moja, yaani toka do mpaka do ya juu yake. Kabla ya kuanza, imba noti ya juu kabisa ya wimbo kwa upole na uwaombe wote waifikie. Wakifika kwa kukaza, shusha hatua mbili uanze upya. Sauti ya pili ije baada ya wiki ya nne hivi, wimbo ukiwa umeshakaa vichwani, na muiingize kwa kuimba wimbo uleule kwa kupokezana, kundi moja likianza mistari miwili nyuma ya jingine. Hapo mnapata sauti mbili bila mtu kujifunza kitu kipya.

Mwalimu akiwa mmoja tu ataelemewa. Mtandao wa okestra za watoto wa Venezuela ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 ulianza na wanamuziki 11 waliofanya mazoezi kwenye gereji, na ukakua kwa utaratibu wa aliyetangulia kumfundisha anayefuata. Ninyi mko 14, kwa hiyo mna walimu wadogo 14. Kila mgeni apewe mtu mmoja wa kukaa naye kwa majuma matatu ya mwanzo.

La mwisho ni daftari. Liwe na safu nne: jina, tarehe, alifanya nini, alikaa na nani. Safu ya nne ndiyo yenye faida. Mtu akikosa mara mbili mfululizo, anayemtafuta ni yule aliyekaa naye, siyo kiongozi, na ujumbe uwe na kazi ndani yake: "Wiki ijayo tunahitaji mtu wa ngoma ya tatu, utakuwepo?" Ujumbe wa "tumekukumbuka" unapokelewa vizuri lakini haumpi mtu sababu ya kutoka nyumbani. Kila mwezi hesabuni wageni wangapi wamefika mara ya tatu. Namba hiyo itakwambia ukweli kuliko umati wa siku ya onyesho.

Timazi

Ngoja niongelee ukuta, kwa sababu mita 12 kwa 3 ni hazina, na ni rahisi kuiharibu.

Kabla hujanunua hata brashi moja, ridhaa ya mdomo igeuze iwe ya maandishi. Karatasi moja inatosha: jina la mwenye ukuta, vipimo, mchoro uliokubaliwa umeambatishwa, utakaa kwa angalau miaka mingapi, nani ataukarabati, na nyumba ikiuzwa au ukuta ukibomolewa kikundi kijulishwe siku ngapi kabla. Weka hata siku 60 ili mpate muda wa kuupiga picha na kuwaaga waliouchora. Majirani wanaoutazama ukuta huo kila siku kutoka madirishani mwao waonyeshwe mchoro kabla haujapitishwa.

Kisha ukuta wenyewe. Lipu mpya isipakwe rangi kabla ya siku 28, saruji iwe imekauka na kukomaa. Kwa lipu ya zamani, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, funga pande zote nne kwa selotepu, kiache saa 24. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta unanyonya maji, na rangi yoyote utakayoweka itavimba na kubabuka. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: mfereji wa paa, bomba, au udongo uliorundikwa chini ya ukuta. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi inayotoka ndani pamoja na maji. Isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani. Sehemu zinazobonyea au kulia tupu ukigonga, bomoa upige lipu upya. Nyufa ndogo ziba kwa puti ya nje.

Hesabu ya rangi: ukuta wako ni mita za mraba 36. Kwenye lipu yenye mikwaruzo lita moja ya praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) hufunika takriban mita za mraba 6, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 6. Ukiwa laini utatumia pungufu. Usichukue hesabu iliyoandikwa kwenye kopo bila kuipunguza, ile ni ya ukuta laini.

Sasa jambo linalogusa hasa swali lako. Ukuta unachorwa na watu wanne juu ya kiunzi huku mtaa mzima ukitazama chini. Wazee hawapandi, watoto hawaruhusiwi, anayefanya kazi mchana hayupo. Mradi wa michoro ya ukutani wa jiji la Philadelphia, Marekani, ulioanza mwaka 1984, hutumia sana njia nyingine: mchoro unapakwa rangi ndani, mezani, juu ya kitambaa chembamba cha poliesta kisichofumwa, halafu unabandikwa ukutani kwa jeli ya akriliki, aina ya gundi nzito. Ukikauka huoni kwamba ni kitambaa.

Kwenu itakuwa hivi. Chora mchoro mdogo kwa kipimo cha 1 kwa 10, yaani sentimita 120 kwa 30. Ugawe miraba ya sentimita 15. Kila mraba utakuwa mita 1.5 ukutani, kwa hiyo mna miraba 16, minane kwa upana na miwili kwa kimo. Andika namba nyuma ya kila kitambaa pamoja na mshale wa kuonyesha juu, maana bila mshale kuna mraba utapakwa kichwa chini. Hamisha mistari ya mchoro kwa penseli, kisha ndani ya kila umbo andika namba ya rangi. Punguza rangi ziwe 12 mpaka 16. Kila namba ina kopo lake lenye mfuniko, na juu ya mfuniko umepaka tone lililokauka, kwa sababu rangi ya akriliki ikikauka inakolea kidogo kuliko ilivyo mbichi, na anayelinganisha rangi mbichi na iliyokauka atadhani amekosea kopo.

Changanya rangi yote ya mradi kwa mkupuo mmoja na uongeze sehemu moja kwa tano juu ya unachodhani kitatosha. Rangi iliyochanganywa upya wiki ya tatu hailingani na ya kwanza, na kiraka kitaonekana toka barabarani.

Chini ya kitambaa tandika nailoni, rangi inapenya. Ikikauka unabandua taratibu. Kila mraba unakaliwa na watu wanne mpaka watano, mmoja kila upande na mmoja wa kuosha brashi. Hapo bibi wa miaka 70 anakaa na kijana wa miaka 12 kwa saa moja na nusu wakijaza namba 7, na mazungumzo yanakuja yenyewe kwa sababu mikono ina kazi na macho hayalazimiki kutazamana. Kwa maoni yangu hakuna sanaa inayofungua mdomo wa mtu mwenye haya kuliko hii. Vyuso na mikono ya watu waliochorwa msiwaachie wote. Viachiwe mchoraji mmoja ili visitofautiane.

Siku ya kubandika chagua asubuhi yenye mawingu. Jua likipiga, jeli inashika ngozi kabla haijang'ata. Piga timazi katikati ya ukuta, vuta mstari wa usawa kwa pima maji na uzi wa chaki, anza mraba wa kati kwenda pembeni. Jeli ipakwe ukutani na nyuma ya kitambaa. Sukuma hewa kwa kadi ngumu ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Acha ziada ya sentimita 2 kwenye maungio ili vipande vipandiane, kisha kata vyote viwili kwa wembe kwa mkato mmoja na utoe vijisehemu vilivyobaki. Mwisho pitisha varnishi ya nje.

Ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa utaziua kwanza nyekundu na njano za kung'aa. Tegemea zaidi rangi za oksidi za chuma, yaani wekundu na manjano ya udongo, hizo hudumu.

Bi_Jukwaa

Timazi ameeleza vizuri, ila kwa ushauri wangu ukuta usiwe wa kwanza. Mkianza na mchoro kabla hamjawasikiliza watu mtachora mawazo ya watu 14. Anzeni na igizo shirikishi. Litawapa hata maudhui ya ukuta.

Njia hii iliundwa na Mbrazili Augusto Boal kuanzia miaka ya 1970. Igizo ni fupi, dakika 10 mpaka 15, waigizaji watano au sita. Linamhusu mtu anayetaka kitu cha haki na anakwama: mpangaji anayedai risiti, binti anayetaka kurudi shule, mzee anayepuuzwa kwenye kikao. Linaisha vibaya, kwa makusudi. Mnaliigiza lote mara moja. Halafu mnaanza tena kwa mwendo wa haraka zaidi, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!", akaingia mahali pa yule anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Hamuondoi mwonevu. Ukimwondoa mwonevu na kuweka mtu mwema, tatizo limefutwa na hakuna aliyejifunza kulikabili.

Kabla ya kulitoa nje, kagueni kama lina angalau sehemu tatu ambapo mhusika angeweza kutenda tofauti. Igizo la mtu aliyefungwa kila upande halina mlango, watazamaji watahuzunika tu na kwenda nyumbani.

Viti viwe nusu duara, bila jukwaa lililoinuliwa, mstari wa kwanza uwe mita 2 kutoka kwa waigizaji. Hatua moja ya kupanda jukwaani inatosha kumzuia mtu aliyekuwa ameshanyanyua mkono.

Kazi ngumu ni ya mtu wa kati anayeongoza mjadala. Mtu akianza kueleza suluhisho akiwa ameketi, amkatize kwa heshima: "Hapo umesema jambo, njoo utuonyeshe." Kila jaribio likiisha anauliza watu wote maswali yaleyale matatu: Amefanya nini? Kimebadilika nini? Mtaani kwetu inawezekana? Hatoi hukumu yake. Akianza kuhubiri, shughuli imekufa. Kimya kikizidi, awape dakika 2 kila mtu aongee na wa jirani yake, kisha aulize tena. Karibu kila mara mikono miwili mitatu inanyanyuka, kwa sababu mtu ameshalijaribu wazo lake kwa sauti ndogo.

Waigizaji nao wafundishwe kupinga kwa kiasi. Anayeigiza mwonevu akilegea mara ya kwanza, watu wanaona uongo. Akikataa kila kitu, wanakata tamaa. Kanuni: legea pale tu ambapo mtu wa aina hiyo angelegea kweli. Katika saa moja mtapata majaribio sita mpaka manane. Katibu aandike kila jaribio kwa sentensi moja. Karatasi hiyo ndiyo malighafi ya igizo linalofuata, na ya mchoro wa Timazi. Boal mwenyewe alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, kati ya 1993 na 1996, alikusanya mapendekezo ya sheria kwa njia hii, na 13 yakapitishwa. Kwa hiyo msiidharau ile karatasi.

Hatari zipo. Msiigize kisa ambacho mtaa mzima utajua ni cha nani. Changanyeni visa vitatu, badilisheni kazi, umri na jinsia. Kwenye kisa cha ukatili, mtu mmoja asiyeigiza akae karibu na mlango kwa ajili ya atakayetoka analia, na ajue mapema atamwelekeza wapi.

Jambo jingine: mazoezi yawe hadharani. Kwenye kituo cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakafanya mazoezi mbele ya majirani, na majirani wakawa wanasahihisha lugha na mwenendo wa wahusika. Hadi siku ya onyesho igizo lilikuwa lao. Ndiyo maana hata serikali ilipofuta kibali mwezi Novemba mwaka huohuo, watu hawakuliona kama igizo la wageni lililofungwa. Ninyi fungueni mlango wa chumba wakati wa mazoezi, wekeni benchi moja nje, na anayesema "mzee hawezi kuongea hivyo" aingizwe ndani aonyeshe mzee anaongeaje.

Kiongozi_Mpya

Ahsanteni sana, wakubwa. Naona tutaanza na igizo, kisha ukuta. Yamebaki matatu. Wazee wanaojua nyimbo za zamani hawaji kabisa. Wachache wanauliza posho. Na wanachama wawili wamejitoa wakisema kiongozi anaamua kila kitu peke yake. Mniambie ukweli.

Daftari_Wazi

Nianze na la tatu, maana likibaki hayo mengine hayatasimama. Waliojitoa wamekupa taarifa ya thamani. Watafuteni muwaulize ni uamuzi upi hasa. Mara nyingi jibu huwa jambo dogo: nani ana ufunguo, nani alichagua wimbo, picha ya nani ilitumwa kwenye kundi la simu.

Gawanyeni maamuzi kwa maandishi. Ya siku hadi siku (ratiba ya jioni, zamu za usafi) yaamuliwe na aliye zamu. Ya sanaa (wimbo gani, igizo gani) yaamuliwe na kamati ya watu watatu inayobadilika kila mzunguko wa wiki 12, mmoja akiwa mtu aliyejiunga karibuni. Ya fedha, mikataba na jina la kikundi yapitishwe na mkutano wa wote. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Funguo ziwe tatu, kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kikundi kinachofungwa kwa sababu kiongozi anaumwa hakijawa cha mtaa bado.

Kiongozi awe na muda maalumu, tuseme mizunguko minne, na kuanzia mzunguko wa tatu anayefuata aongoze nusu ya vikao wakati wewe bado upo chumbani. Ukimkabidhi siku ya kuondoka, umemkabidhi daftari tu. Mahusiano na mwenye nyumba, mwenye spika na ofisi inayotoa vibali yanabaki kwenye simu yako.

Fedha: watia saini watatu, wawili kati yao watie saini kila malipo. Anayeidhinisha asiwe anayenunua. Kila shilingi iliyoingia iwe na stakabadhi, hata ya mchango wa kofia: watu wawili wahesabu mbele ya waliobaki, namba itajwe kwa sauti, iandikwe, itiwe saini kabla ya taa kuzimwa. Mwisho wa kila mwezi bandika karatasi moja yenye mistari minne: tulianza na, tuliingiza, tulitumia, tumebaki na. Kuna viongozi wanaogopa kwamba watu wakiona kuna fedha wataziomba. Wataomba zaidi wasipoziona, kwa sababu watabuni kiasi.

Posho. Mkilipa mahudhurio, siku posho inapokoma watu nao wanakoma, na atakayebaki ataonekana mjinga. Mkimtumia fundi au msanii kwa siku tano bila kumlipa mnaonea. Kwa hiyo lipeni kazi, siyo kuwepo. Andikeni jedwali la kazi zinazolipwa na kiwango chake kabla mradi haujaanza: mchoraji mkuu, fundi kiunzi, mwalimu wa kuja. Nauli irudishwe kwa yeyote anayeihitaji, bila kumuuliza maswali mbele za watu. Fedha ya mfadhili ikija, gharama za kodi ya chumba na matengenezo ya vifaa ziandikwe ndani ya ombi tangu mwanzo. Miradi mingi hufadhiliwa rangi na fulana, kisha kikundi kinakosa mahali pa kukaa.

Zumari

Kuhusu wazee: msiwasubiri waje, nendeni kwao, na mkienda msipeleke mwaliko, pelekeni ombi la msaada. "Tuna beti mbili za wimbo huu, ya tatu hatuijui" ni mlango mzuri kuliko "karibuni kikundini".

Waende watu wawili, kijana na mtu mzima anayefahamika nyumbani hapo. Kikao kisizidi dakika 30. Simu ya kurekodia iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka mdomoni, feni na redio zizimwe, na mwanzoni mtajwe tarehe na jina la wimbo. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na muulize mambo manne: uliimbwa wakati gani, na akina nani, kuna watu wasioruhusiwa kuuimba, na yeye atajwe vipi ukiimbwa. Akisema wimbo huo haufai jukwaani, basi haupandi jukwaani, hata kama ni mtamu kuliko zote.

Ndani ya wiki moja mrudishieni rekodi yake na maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, asahihishe. Wengi husahihisha kwa kuimba tena, na hapo ndipo beti zilizosahaulika zinajitokeza. Ziara hiyo ya pili isikosekane, maana ndiyo itakayomleta chumbani: atakuja kuhakikisha mnauimba sawasawa. Akija, kiti chake kiwe na mgongo, choo kiwe karibu na kuna taa njiani. Na angalieni saa. Jioni mbili mlizonazo huenda zimepangwa kwa vijana. Wazee wengi hawatoki giza likiingia. Ombeni muda wa saa moja wakati wa alasiri, hata mara moja kwa wiki mbili.

Vilevile fikirieni wenye watoto wadogo. Kona yenye mkeka, makaratasi na mtu mzima mmoja wa zamu inaongeza watu kuliko tangazo lolote. Huko Houston, Marekani, mradi wa Project Row Houses ulioanzishwa mwaka 1993 na Rick Lowe na wenzake kwenye nyumba 22 za zamani uliweka maonyesho ya sanaa kwenye baadhi ya nyumba, na nyingine zikawa makazi ya mama vijana wanaosoma. Kwao malezi ya watoto hayakuwa nje ya sanaa.

Kiongozi_Mpya

Nimewaelewa, na karatasi ya maamuzi tutaiandika wiki hii pamoja na wale wawili. Swali la mwisho kwa Timazi: kile kitambaa cha poliesta tukikikosa, turubai ya pamba itafaa?

Timazi

Kwa ukuta wa nje, hapana. Pamba inanyonya maji, inasinyaa na kutanuka, na pembe zitaanza kunyanyuka msimu wa kwanza wa mvua. Pia ni nzito, jeli haitaishika vizuri kwenye lipu yenye mikwaruzo.

Mkikikosa, chukueni mbao za plaiwudi ya nje, unene wa milimita 12, mkate mita 1.5 kwa 1.5 au kwa ukubwa unaopatikana na mgawe mchoro upya kulingana nao. Piga praima pande zote mbili na hasa kingo, mikono miwili, kwa kuwa maji huingilia kingoni. Zichorwe ndani, kisha zifungwe ukutani kwa skrubu zisizoshika kutu na plagi zake. Acha nafasi ya sentimita 1 kati ya mbao na ukuta kwa kuweka vibanzi nyuma, hewa ipite, na milimita 3 kati ya mbao na mbao. Itapotea ile sura ya mchoro ulioota ukutani, lakini mezani mtakaa vilevile watu wanne mpaka watano kwa kila ubao, na nyumba ikiuzwa mnafungua skrubu na kuondoka na kazi yenu.